Robine Iko, Mayi ni ya Leta

Hapa Gatete, Rumonge, alasiri ya kabla ya safari yako

Kaneza mwanangu,

Jana sikuondoka mezani kwa hasira. Mama yako ameniambia ulilia kidogo chumbani ukidhani baba hataki uhamie Bujumbura, au anaona haya kwamba binti amenunua nyumba kabla ya kaka zake. Sivyo. Nilikuwa nakula vizuri, ndagala zilikuwa tamu, mpaka ulipotamka lile neno. Ulisema, "Papa, usikuwe na wasiwasi, muuzaji amesema ni clé en main." Hapo nikalirudisha tonge sahanini. Nikanawa, nikatoka, nikakaa nje kwenye jiwe la kuoshea miguu hadi mlipomaliza vyombo. Nilitaka kukueleza, lakini kila nilipofungua mdomo niliona uso wako ulivyojaa furaha, nikaufunga tena.

Kwa hiyo nakuandikia. Nipo hapa nyuma, kwenye banda la kukamulia mawese. Mashine imenyamaza tangu juzi kwa kukosa mazutu, dizeli ya injini, chikichi za watu zimerundikana na zimeanza kunuka, na kila mwenye mzigo anapita kuniuliza lini, kana kwamba kisima cha mafuta ninacho mimi. Nimechoka, Kaneza. Nakwambia mapema ili usije ukausoma uchovu wangu ukadhani ni ubaridi wa moyo.

Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika, kule kambi ya wakimbizi Kigoma, na mwalimu aliyetuchapa kila tulipoandika "mutoto" badala ya "mtoto". Kirundi changu cha karatasi kinachechemea mpaka leo. Kifaransa sina, isipokuwa maneno machache yaliyonigharimu, na clé en main ni mojawapo.

Mambo ya kufunga mlango, kusali, kula kabla ya kwenda kazini na kutomfungulia kila anayebisha hodi, sitayagusa. Mama yako anakwambia hayo sasa hivi huku anakunja mashuka yako, namsikia hadi huku. Mimi nina jambo moja tu.

Wenye lugha yao husema clé en main kwa nyumba iliyokamilika, mnunuzi anapewa ufunguo, anaingia, anaishi. Ufunguo mkononi. Mimi niliambiwa hivyo wewe ukiwa bado unajifunza kutembea. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, na shamba la michikichi la babu yako kule Kigwena tulilikuta na watu. Hawakuwa watu wabaya. Walizaliwa humo wakati sisi tunazaliwa kambini. Tukagawana, kwa maneno mengi na machozi ya pande zote mbili, na mimi sehemu yangu nikaiuza ili ninunue nyumba.

Mama yako alikuwa ameona nyumba ya zamani katikati ya mji wa Rumonge. Ilikuwa na maji, ilikuwa na umeme, choo chake kilikuwa kimezoeleka, na bei yake haikupishana sana na ya hii tuliyomo. Nikakataa. Kila nyumba ya zamani niliyoonyeshwa nilikuwa najiuliza, aliyekuwa akilala humu yuko wapi? Je, kama yuko kambini mahali fulani, anawasimulia wanawe kuhusu dirisha hili? Nilikuwa nimetoka kumwambia mtu mwingine kwamba anakaa kwetu, na sikutaka siku moja mtu aje aniambie hivyo mimi. Nilitaka ukuta ambao hakuna mtu aliyewahi kuukimbia usiku. "Nyumba mpya haina mwenyewe mwingine," nilimwambia mama yako, "nyumba mpya haidaiwi." Aliendelea kupeta mchele.

Basi kulikuwa na mfanyabiashara mmoja aliyejenga safu ya nyumba mpya hapa karibu na ziwa, na ndiye aliyeniambia ni clé en main. Nikamwuliza mtu aliyesimama karibu maana yake nini. Akanijibu, "Njo kusema kila kitu iko. Weye unaleta godoro tu." Nilifurahi mno. Nikatoa karibu pesa yote. Muuzaji akaniwekea ufunguo kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake kama mtu anayempa mtoto senti.

Mimi nilisimama sebuleni nikinusa saruji. Mama yako alikwenda moja kwa moja jikoni kufungua bomba. Lilikuwa bomba zuri kwelikweli, linang'aa hata ungeona meno yako. Likakohoa, likatema buibui mmoja, likanyamaza. Nikatoka mbio, nikamkuta muuzaji anapanda pikipiki yake.

"Patron, mbona maji hakuna?"

Alinitazama kwa huruma. Hakuwa na dharau hata kidogo; angekuwa nayo ningemchukia, ingekuwa rahisi zaidi. "Robine iko," akasema. "Mayi ni ya Leta."

Leta, wajua, ni Serikali. Na mtu yule hakusema uongo. Aliniuzia bomba, nami nilinunua bomba. Kutoka kwenye mpira mkubwa wa barabarani hadi ukutani kwangu, palikuwa pangu mimi. Mtaro ulikuwa wangu, mabomba ya chini ni yangu, mita ni yangu, ombi la maandishi ni langu, na nenda-rudi zote za kulifuatilia ni za miguu yangu. Umeme nao ulikuwa hivyo hivyo. Nyaya zilikuwa ndani ya ukuta, zikichungulia kila chumba kama mikia ya panya, lakini mita haikuwepo na balbu haikuwepo. Milango ya nje ilikuwa na kufuli, ya ndani ilikuwa na matundu mahali pa kufuli. Na hati ya kiwanja bado ilikuwa na jina lake. Kuihamisha ije kwenye langu kulitaka notaire wa kuthibitisha hati, na mpimaji, na kodi, kila mmoja na meza yake, kila meza na siku yake ya kukuta mwenyewe ametoka. Hakuna aliyeniibia. Nilichokosea ni kwamba niliweka hesabu ya kuipata nyumba, sikuweka hesabu ya kuishi ndani yake.

Hata hivyo hapo bado palikuwa na njia. Kidogo kilikuwa kimebaki, na ukoo ulikuwa umetuchangia intwererano yao kama ilivyo desturi, huyu noti, yule kreti, mwingine debe la maharagwe, ili tufanye gutaha inzu, sherehe ya kuingia nyumba. Mama yako akasema, hiki kilichobaki tukijumlisha na pesa za ukoo, maji yanafika. Sherehe tutafanya mwakani.

Sikumsikiliza. Nataka unielewe kwa nini, maana hapa ndipo na wewe unaposimama leo. Mtaani walituita marapatriye, yaani waliorudi kutoka ukimbizini. Watoto walikuja kuchungulia jinsi tunavyokula. Mimi nilikuwa "Mutanzania", na hata nilipowasalimu "amahoro" walicheka jinsi nilivyolivuta. Nilikuwa nimepanga foleni maisha yangu yote, ya unga, ya sabuni, ya turubai. Nilitaka siku moja tu niwe mwenye kugawa. Nilitaka watu wale kwangu, wafute mikono, waseme kwa Baba Kaneza tumeshiba. Nikamwambia mama yako, mtu haingii nyumba kimyakimya kama mwizi.

Akaniuliza, "Sasa bageni batanawa na nini? Na furaha?"

Walinawa kwa maji ya ziwa. Mama yako alianza kuyabeba kabla jua halijachomoza, bidoni baada ya bidoni, wewe ukiwa mgongoni, na alivaa kitenge chake kipya wageni wa kwanza walipokwisha kuingia. Nilichinja mbuzi. Kulikuwa na samaki wa kuchoma, mikeke ya ziwani, kreti za bia zilipangwa hadi dirishani, na nyumba ilinuka rangi na nyama. Nilifurahi, siwezi kukuficha. Nilikaa kwenye kiti cha kuazima nikajiona mtu.

Kisha Mama Zaituni akazungumza. Wakati ule hatukuwa tunamjua vizuri, alikuwa jirani tu wa nyumba ya pili, muuza maandazi, ambaye babu yake alivuka kutoka Kongo zamani za Wabeleji. Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, amekunja mikono. Nikamwuliza mbona hanywi.

"Miye bia sinywi, Baba Kaneza. Nifungulie robine, ninywe mayi ya nyumba mupya, nikubarikie."

Watu wote wakageuka. Ningeweza kusema ukweli, ulikuwa mfupi tu. Badala yake nilikwenda nikafungua bomba mbele ya wageni, sijui nilitarajia nini, labda Mungu angenionea haya. Likakohoa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Inasema karibu!" na nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mama Zaituni hakucheka. Kesho yake asubuhi alimtuma binti yake na bidoni ya maji ya bomba lake, na aliendelea kutuma alipoweza, na alipokuwa hana pesa ya mita yake mwenyewe hakutuma, nasi tulirudi ziwani.

Yaliyofuata umeyasikia, lakini umeyasikia kama kichekesho, kwa sababu mama yako huyasimulia hivyo kwenye kila harusi. Mimi sijawahi kuyasimulia. Mvua za mwaka ule zilishusha milima yote ziwani, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Tuliyachemsha kuni zilipokuwepo. Zisipokuwepo tulisema, leo yanaonekana safi. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuugua kipindupindu katika mtaa huu. Asubuhi ulikuwa unamfukuza kuku, jioni macho yako yalikuwa yamezama na ngozi ya tumbo ukiibana haikurudi. Nilikubeba hadi hospitalini nikiwa nimekufunga kwa pazia, lile pazia jipya la sebuleni, maana ndicho kitu nilichokutana nacho mlangoni. Walikulaza ndani ya hema la wagonjwa wa kipindupindu, kwenye kitanda cha turubai chenye tundu na ndoo nyeupe chini yake. Wewe katika masimulizi ya mama yako umeshika hiyo ndoo tu, na huwa unaichekea. Mimi nakumbuka muuguzi akitafuta mshipa mkono huu, mkono ule, mguu, na mama yako amesimama haniangalii. Hakunilaumu. Hakuniangalia tu. Siku ulipoomba ugali nilitoka nje ya hema nikalia mpaka mlinzi akaniuliza ni nani amefariki.

Baadaye nilikopa, nikavuta maji. Yalipotoka, hatukumwita mtu. Mama yako aliosha sahani moja, akaiweka ikauke, akaenda kulala mchana. Siku hizi ziwa limepanda hadi kwenye ua wetu, mihogo ya nyuma imeoza, na watu wananitania kwamba nyumba iliyonyimwa maji sasa inaletewa bila kuomba. Nacheka nao. Nimechoka kubishana na maji.

Sasa nije kwako.

Unakumbuka siku tulipokwenda wote kuiona nyumba yako, nilipokuwa nimepeleka mawese sokoni Bujumbura? Ulinishika mkono ngazi zote hadi juu. Ulinionyesha balkoni, ukasema, "Papa, angalia, ziwa letu hili hili," ukapiga picha. Mimi nilikuwa naangalia juu. Kutoka kwenye dari zilichungulia nyaya zisizo na balbu, mikia ileile ya panya. Jikoni palikuwa na bomba linalong'aa, na ukuta mtupu mahali pa kabati. Wakati wewe unapiga picha, nilitoka nikamkuta kwenye ngazi mama mmoja mwenye nyumba ya chini ya kwako, anapandisha bidoni, anapumzika kila kona. Nikampokea.

"Mama, mayi haipandi?"

"Ikipanda, inapanda usiku sana. Pompe tunaambiwa tununue sisi benye nyumba. Tunangoja wote baingie, tukotize, kila mutu atoe yake. Na muzamu wa kulinda usiku, na taa ya ngazi, na takataka, vyote ni kukotiza kila mwezi." Akavuta pumzi. "Hakuna mutu alituambia. Tuliuliza bei, tukajibiwa bei."

Nilirudi kwako nikasema balkoni ni nzuri. Ungekuwa na hasira kwamba nilinyamaza, ungekuwa na haki. Nilikuogopa. Wewe ndiye kontabule, mhasibu wa ukoo huu, miaka yote umeketi hapo mjini Rumonge kwenye chama cha akiba ukiwaeleza wakulima riba, sasa makao makuu wanakuita Bujumbura. Mkamuaji wa mawese atakwambia nini kuhusu hesabu? Halafu jana ukasema clé en main, na ukasema mkopo wa benki na akiba yako vimetosha bei ile kabisa, sawasawa, na zile pesa za ukoo ninazokuwekea zitafanya gutaha inzu Jumamosi ya kwanza ukishafika, umekwisha kuwaalika wenzako wa kazini, tena umeona makochi. Ulilisema neno sawasawa kwa fahari. Mwanangu, mimi neno hilo lilinitisha kuliko lile la Kifaransa.

Wewe umekua hapa, unajua samaki wa Magara, hapa ziwani, hana bei moja. Kuna bei ya pwani alfajiri, mashua zinapoingia, na mgeni akiisikia anafurahi. Mchuuzi wa kweli anaisikia na anaanza kuwaza chumvi, beseni, mbebaji, nauli siku ambazo mafuta hayapo, na wale watakaooza njiani. Kama hana pesa nje ya bei ya samaki, hanunui samaki, hata awe mnono vipi. Nyumba mpya ni samaki wa pwani. Hiyo bei uliyokubali ni ya alfajiri.

Sikwambii uiache. Umeshatia sahihi, na nyumba ni nzuri, na nakuonea fahari hata nashindwa kulala vizuri. Nakuomba kesho, kabla hujaufumba mkono juu ya ufunguo, umwulize muuzaji swali ambalo mimi sikuuliza. Usimwulize nini kimo. Akiulizwa kilichomo ataongea mpaka chai ipoe. Mwulize, "Niambie ambacho hakimo," kisha unyamaze, na umwache yeye ndiye wa kwanza kuona haya. Mita ya umeme ni ya nani. Ya maji je. Hati itakuja kwa jina langu kwa gharama ya nani, notaire analipwa na nani, na benki nayo uiulize, itakata nini juu ya mkopo kabla haijanipa hata senti. Nani ananunua pompe, na kila mwezi nachangia kiasi gani hata nikiwa sijahamia. Na kumbuka, ukilazimika kupanga kwingine hadi maji na umeme viingie, nyumba hiyo itadai kodi mwezi uleule ambao benki itaanza kudai, hazitasubiriana. Haya mimi niliyajua moja moja, kila moja likija na aibu yake.

Sasa kuhusu pesa za ukoo, ambazo wamenipa nikushikie. Jana baada ya kukaa kwenye lile jiwe sikulala, na leo asubuhi mlidhani nimekwenda kutafuta mazutu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Mchango wa sherehe ni wa sherehe, siwezi kuugeuza kimoyomoyo hata kama ni kwa mwanangu. Niliwaomba ruhusa pesa zao ziende kwenye maji na umeme wako, na sherehe isiwepo.

Ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba chikichi. Baba yako mdogo Fidèle alidhani natania. Alipoona sitanii alisimama kabisa. "Kaka, kutoka lini batu banakunywa compteur? Nilitoa pesa ya bia, nataka bia. Niende Buja nikapige picha na mita?" Nikamwambia ndiyo, akapige. Hatujaelewana. Amesema atafikiri, na amesema na mengine ambayo sitayaandika. Shangazi yako Béatrice alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia maneno mafupi, "Ungefanya hivi wakati ule," kisha akasema mchango wake uende popote nitakapo. Wengine wakakubali kwa midomo, mioyo sijui. Nimerudi magoti yanauma na nimepoteza, nadhani, marafiki wawili.

Mwisho nikapita kwa Mama Zaituni. Sikutaka kumwambia, maana yeye si ukoo na mchango wake ulikuwa mdogo, lakini alikuwa ameketi mlangoni na macho yake ya mtoto wa jicho, akaijua hatua yangu. Nikamweleza yote, nyumba ya ghorofa, bomba, pompe, mpaka bidoni ya yule mama wa kwenye ngazi. Alifumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Baba Kaneza," akasema, "bia yenu ya siku ile sikukunywa, na hii pia sitakunywa. Miye nilikuomba mayi. Nilikusamehe lakini sijasahau. Kaneza akipata mayi, munibebe, niende ninywe kwake. Hiyo njo gutaha inzu."

Nilimshukuru kwa murakoze, nikatoka, na nilipofika kwenye kona ya msikiti nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Shangazi Béatrice amelisikia na amesema na yeye anakwenda kunywa maji. Mama yako amesema atabeba glasi za harusi yetu. Hata Fidèle, nasikia, ameuliza kama maji hayo yatakuwa baridi.

Pesa zimo ndani ya kitambaa, kwenye sufuria ndogo, chini ya mchele. Ni zako na hakuna masharti. Ukiona huwezi kuwaambia wenzako wa kazini kwamba hakuna sherehe Jumamosi, nitakuelewa, nani atakuelewa kama si mimi? Ila kama shida ni aibu tu, nitupie mimi. Waambie una baba mkongwe huko Rumonge, mrapatriye, mbishi, amekataa. Waambie ana kisirani. Mimi aibu nimeizoea, na yako naweza kuibeba bila kuhisi uzito.

Lori la mawese litakupitia asubuhi, dereva namjua. Sitakusindikiza hadi barabarani, nitakuaga hapa hapa bandani, kwa sababu nikiona gari likigeuka nitaanza kukwambia mambo ya kufunga mlango.

Naogopa, Kaneza, na nakupenda, na leo vitu hivi viwili siwezi kuvitenganisha. Usinipigie simu kunieleza umelipa nini na umebakiwa na nini. Siku maji yatakapopanda hadi kwako, hata iwe usiku wa manane, nipigie na usiseme neno lolote. Fungua bomba, weka simu karibu nalo. Mimi nitaichukua simu nivuke ua na maji yake hadi kwa Mama Zaituni, nimwekee sikioni yeye kwanza.

Baba yako,
aliyekubeba kwa pazia